Wekundu ndani ya muwa, unjano kwenye jani: mkosaji ni nani?

Swali: Shikamoo daktari. Nauza juisi ya miwa Tegeta. Mimi na kaka yangu tuna shamba dogo bonde la Mpiji, upande wa Bunju. Mbegu tuliichukua kwa jirani. Mavuno ya kwanza miwa ilikuwa minene, lakini maotea ya mwaka huu, yaani miwa iliyochipua upya kwenye visiki, ni membamba na mafupi. Majani ya juu yana mstari wa njano katikati, na nikipasua muwa naona wekundu ndani. Duka la pembejeo walituuzia dawa ya ukungu, tumepiga mara mbili, hakuna kilichobadilika. Je, hivi ni virusi, bakteria au ukungu? Nitajuaje, na nipeleke wapi kupima? Wateja wangu wako salama? Na mahindi ya kaka yaliyo pembeni hayataambukizwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na wateja, maana wao wanakunywa leo na maabara haijibu leo. Virusi vinavyoshambulia miwa havimwambukizi binadamu. Bakteria wanaodumaza maotea nao hawana habari na mwili wa mtu. Cha kuogopa ni muwa uliooza. Kaskazini mwa China watu walikufa, wengi wakiwa watoto, kwa kula miwa iliyokaa ghalani muda mrefu hadi ikaota ukungu. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo asidi ya nitropropioniki, inayoharibu ubongo, na ndimu au tangawizi haiiondoi. Kwa hiyo muwa wenye harufu ya uchachu au ya pombe, au ulioota ukungu kwenye ncha ulipokatwa, usiupitishe kwenye mashine hata kama umeununua kwa bei kubwa. Ukiona wekundu mdogo kuzunguka tundu la mdudu, kata kipande hicho pamoja na sehemu ya juu na ya chini yake, utupe. Na usilundike miwa iliyokwisha menywa tangu jana.

Sasa dawa. Hata kama ile mliyouziwa ilikuwa halisi na mkaipima sawasawa, haikuwa na nafasi ya kusaidia ikiwa tatizo si ukungu. Dawa ya ukungu haimfikii bakteria anayeishi ndani ya mishipa ya maji ya muwa, na kirusi hakiguswi nayo kabisa. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya virusi ndani ya mmea, na yeyote anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakuchukulia fedha yako. Inaniuma kuona wakulima wadogo wakinunua chupa ya tatu na ya nne kabla mtu yeyote hajawaambia wapasue muwa waangalie.

Tuanze hapo kwenye kupasua. Rangi nyekundu yenyewe haimtaji mkosaji. Muwa ukijeruhiwa, iwe na mdudu, ukungu au panga, hutengeneza rangi hiyo kuzunguka jeraha ili kujikinga. Cha kuangalia ni wekundu uko wapi na umekaa vipi. Chukua miwa kadhaa iliyokomaa, ikate chini kabisa karibu na udongo, uipasue kwa urefu kwa kisu kikali, na uiangalie papo hapo kabla hewa haijageuza rangi.

Ukikuta njia iliyotobolewa, yenye unga wa kinyesi, na wekundu umeizunguka, huyo ni bungua, mdudu anayetoboa shina. Hapa Afrika yuko mmoja mashuhuri, Eldana saccharina. Ukungu wa jamii ya Fusarium hupenda kuingia kwa tundu lake, hivyo maabara ikiukuta ukungu huo ujue huenda alikuwa mgeni wa pili. Ukikuta wekundu umepita pingili kadhaa, na ndani yake kuna mabaka meupe yanayoukata kwa upana, tena muwa unanuka uchachu, shuku uozo mwekundu unaosababishwa na Colletotrichum falcatum. Huo ni ukungu kweli, na mabaka yale meupe ndiyo alama yake kubwa. Kama wekundu uko kwenye vipande vya mbegu vilivyozikwa, ukaanzia ncha zilizokatwa, baadaye ukageuka mweusi na kunukia nanasi lililoiva, huo ni ukungu mwingine, Ceratocystis paradoxa. Hauhusiki na maotea yako, lakini utakutana nao ukipanda mbegu kwenye udongo uliolowa mno.

Nafasi ya nne ndiyo inayonishughulisha nikisoma barua yako. Chukua kifundo (kile kiungo cha muwa), si pingili (sehemu iliyo kati ya viungo viwili), cha sehemu ya chini ya muwa uliokomaa. Kwa kisu kikali sana parura vipande vyembamba kuelekea ndani. Je, unaona vidoti au vistari vidogo vya rangi ya chungwa au nyekundu, vilivyobaki ndani ya kifundo bila kuingia kwenye pingili? Kama vipo, na maotea yanazidi kuwa membamba kila mkikata, nashuku ugonjwa wa kudumaa kwa maotea.

Huu ugonjwa unastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu umewadanganya watu waliobobea. Uligunduliwa Queensland, Australia, mwaka 1944 na 1945, katika aina ya miwa iitwayo Q28. Wataalamu waliona kwamba unahama na utomvu kwenye visu vya kukatia. Waliona pia kwamba joto linauondoa kwenye mbegu. Hata hivyo hawakumwona mdudu wala ukungu wowote. Wakahitimisha kuwa ni kirusi, na kwa karibu miaka 30 vitabu vikaandika hivyo. Mwaka 1973 ndipo watafiti wa Australia na wa Marekani walipoona bakteria wembamba mno ndani ya mishipa ya maji ya miwa migonjwa. Hata hapo ubishi haukuisha, kwa sababu bakteria hao waligoma kuota maabara. Mwaka 1980 walioteshwa kwenye chakula maalumu, wakarudishwa kwenye miwa mizima, miwa ikaugua, na bakteria walewale wakatolewa tena ndani yake. Leo jina lake ni Leifsonia xyli. Anaota polepole sana. Mtu akimwotesha kwa chakula cha kawaida cha maabara atasubiri bure, halafu atakuandikia kwamba hakuna kitu.

Jambo baya zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauna dalili ya nje unayoweza kuinyooshea kidole. Muwa unakuwa mfupi na mwembamba, basi, na mkulima analaumu mvua au mbolea. Hata vile vidoti vya kifundoni havitokei kwenye kila aina ya miwa. Ukame unauzidishia makali, kwa kuwa mishipa ya maji imeshazibwa. Na panga moja likishakata shina gonjwa huendelea kupanda ugonjwa shina hadi shina kwenye mstari mzima. Mbegu ya jirani, panga moja, mavuno ya kwanza mazuri na maotea dhaifu: mambo hayo manne uliyonieleza, au yanayoeleweka kutokana na maelezo yako, yote yanaelekea upande huo. Bado ni shaka tu, lakini ni shaka yenye sababu.

Mstari wa njano kwenye jani ni kesi nyingine, na inawezekana kabisa shamba moja likawa na kesi mbili. Geuza jani uangalie upande wa chini, kuanzia jani la tatu hadi la sita ukihesabu kutoka juu. Kama uti wa jani ni wa njano kwa chini huku ubapa wake bado kijani, shuku kirusi cha jani njano. Hiki hukaa kwenye mishipa inayosafirisha sukari tu, na huenezwa na vidukari, hasa Melanaphis sacchari. Lakini jani la njano lina sababu nyingi. Bonde la Mpiji hufurika masika, na mizizi ikikaa ndani ya maji majani hugeuka njano bila kirusi chochote. Upungufu wa naitrojeni nao hufanya hivyo, ila huanzia majani ya zamani ya chini na hugusa eneo pana kwa usawa, ilhali maambukizi huanza kwa mashina machache yaliyotawanyika. Vidukari wenyewe, wakifyonza kwa wingi, hubadilisha rangi ya jani hata kama hawakubeba kirusi.

Mengine nayapitia haraka ili usiyachanganye. Mabaka ya kijani kilichopauka yaliyochanganyika na kijani kibichi, yanayoonekana vizuri kwenye jani changa karibu na shina, ni dalili ya kirusi cha mozaiki. Vistari vifupi vilivyopauka, vinavyofuata mishipa ya jani na kukatikakatika, hutokana na virusi vya michirizi vinavyoletwa na panzi wadogo warukao wa jamii ya Cicadulina. Mstari mweupe mwembamba, ulionyooka kama uliochorwa kwa rula kutoka kwenye uti hadi pembeni mwa jani, unaashiria bakteria Xanthomonas albilineans. Huyo anaweza kujificha ndani ya muwa muda mrefu kisha akauua ghafla. Kutu ya majani utaijua kwa kupangusa upande wa chini wa jani kwa kitambaa cheupe, kikabaki na unga wa rangi ya kahawia. Na fugwe haihitaji maabara: kwenye ncha ya muwa hutoka kiboko cheusi kirefu kilichojaa unga. Ukikiona, kifunike kwa mfuko kabla ya kukikata ili unga usipeperuke, kisha ng'oa shina zima na ulichome.

Unaniuliza utajuaje. Macho yanatosha kwa fugwe, na kwa kutu mara nyingi. Kwa virusi na kwa Leifsonia macho yanatosha kushuku tu. Hapo ndipo maabara inaingia, na ni vizuri ujue inafanya nini ili uulize maswali sahihi.

Kipimo cha zamani cha Leifsonia ni kukamua utomvu wa muwa na kuutazama kwa hadubini maalumu. Ni cha bei nafuu na ni cha haraka, lakini kinahitaji jicho lililozoea, na bakteria wakiwa wachache hupita bila kuonekana. ELISA hutumia kingamwili zilizotengenezwa kumnasa kimelea mmoja mahsusi, kisha rangi ikatokea kwenye kisahani iwapo yumo. Inafaa ukiwa na sampuli nyingi. PCR hutafuta kipande cha vinasaba cha kimelea na kukizidisha mara mamilioni, hivyo humkamata hata akiwa kidogo. Kirusi cha mozaiki na kile cha jani njano vina vinasaba vya aina ya RNA badala ya DNA, na PCR huzidisha DNA tu, kwa hiyo lazima RNA igeuzwe kwanza kuwa DNA. Hii ndiyo sababu sampuli iliyooza njiani huharibu majibu yake mapema kuliko ya bakteria, kwani RNA humeng'enyeka haraka. Vipimo hivi vyote vina kikomo kimoja: hupata kile tu ulichokitafuta. Ukiomba kupimiwa kirusi cha jani njano ukajibiwa hakipo, hujaambiwa neno lolote kuhusu Leifsonia. Kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye jani ndiko kunakoweza kufichua kimelea ambacho hakuna aliyemfikiria, lakini ni ghali na hukihitaji kwa sasa.

Naomba uielewe nukta hii kuliko zote: kumkuta kimelea ndani ya muwa hakutoshi kumtia hatiani. Kumkuta mtu katika nyumba iliyoibiwa si ushahidi kwamba yeye ndiye mwizi. Kirusi cha jani njano hupatikana mara nyingi kwenye miwa isiyo na dalili hata moja. Ndiyo maana kanuni zinazohusishwa na Robert Koch, za tangu karne ya 19, zilidai kimelea apatikane kwenye mgonjwa, atengwe, aambukizwe mzima, alete ugonjwa uleule, kisha apatikane tena. Wewe hutafanya hayo yote Mpiji, lakini unaweza kufanya sehemu moja yenye thamani kubwa: peleka sampuli za miwa inayoonekana mizima pamoja na migonjwa, kutoka shamba lilelile. Kimelea akipatikana kwa wagonjwa wote na asipatikane kwa wazima, hapo mna ushahidi. Akipatikana kote kwa kiasi kilekile, tafuteni sababu nyingine ya muwa kudumaa, mkianza na udongo na maji.

Kuchukua sampuli kunahitaji uangalifu wako mwenyewe, kwani hakuna maabara inayoweza kurekebisha sampuli mbaya. Kwa virusi, chukua jani la juu kabisa ambalo shingo yake, pale ubapa unapoungana na ala (sehemu ya jani inayokumbatia shina), imeshaonekana wazi. Hakikisha uti wa jani umo, kwani kirusi cha jani njano kimejaa humo. Kwa Leifsonia jani halisaidii sana: chukua vipande vya chini vya miwa iliyokomaa, kifundo pamoja na pingili, kutoka mashina tofauti yasiyopungua 10 yaliyosambaa shambani. Kila ukimaliza shina, pangusa kisu kwa spiriti ya asilimia 70, la sivyo utabeba ugonjwa mwenyewe na kuchafua sampuli inayofuata. Funga majani kwa gazeti kavu, usiyaweke ndani ya mfuko wa plastiki yakiwa na maji, na uyapeleke ndani ya kisanduku chenye barafu bila kugusana nayo. Andika kwa penseli tarehe, mahali, aina ya muwa kama unaijua, umri wake, na kama ni mgonjwa au mzima. Kata asubuhi na ufikishe siku hiyohiyo. Ukishindwa, kesho yake.

Wapi? Una bahati ya kukaa karibu. Kituo cha Kibaha cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Morogoro, ndicho chenye jukumu la utafiti wa miwa nchini. Anzia hapo. TARI Mikocheni, hapahapa Dar es Salaam, inajulikana kwa kazi ya vinasaba, hasa virusi vya mihogo. Usiende na mzigo wa majani bila taarifa: mwone kwanza afisa kilimo wa kata yako, aone shamba, mpige simu kuuliza wanapokea sampuli siku gani, wanapima nini na kwa gharama gani. Kama dalili ni ngeni ambazo hakuna anayezitambua, zinapaswa pia kufika kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Arusha.

Wakati mnasubiri, jambo moja halihitaji majibu: msichukue mbegu kutoka shamba hilo na msimpe mtu. Panga lipanguswe kwa spiriti kila mnapohama mstari, na kabla ya kuingia shamba jingine. Ikithibitika ni Leifsonia, maotea hayo hayaponi. Vuneni, ng'oeni visiki vyote pamoja na vichipukizi, na mpande upya kwa mbegu safi. Mbegu husafishwa kwa kuloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa 2. Nakusihi usijaribu kwa sufuria na kuni: nyuzi chache zikizidi macho ya muwa yanakufa, zikipungua bakteria anabaki hai, na katika hali zote mbili umepoteza mbegu. Ulizeni Kibaha wanakosafishia au wanakopata mbegu iliyokwisha safishwa. Ikithibitika ni kirusi cha jani njano, maji ya moto hayatasaidia. Mbegu isiyo na virusi hupatikana kwa kuotesha ncha changa za muwa maabara. Na hata hiyo vidukari wataiambukiza tena polepole, kwa hiyo chagueni aina inayostahimili.

La mahindi ya kaka yako ni zito kuliko anavyofikiri. Kirusi cha jani njano hakinitii hofu kwa mahindi, lakini kirusi cha mozaiki ya miwa huingia kwenye mahindi bila shida, kikibebwa na vidukari. Peke yake hupunguza mazao. Kikikutana na kirusi kingine, kile cha madoa njano ya mahindi, viwili hivyo huleta ugonjwa wa mnyauko hatari wa mahindi, uliothibitishwa Bomet, Kenya, mwaka 2011 na kuripotiwa kwetu Tanzania mwaka 2012. Shamba hukauka likiwa na magunzi matupu. Basi mwambie kaka aangalie leo majani machanga ya miwa iliyo mpakani, atafute yale mabaka ya kijani kilichopauka. Akiyaona, sampuli za mozaiki ziingie kwenye orodha mtakayopeleka Kibaha, pamoja na majani ya mahindi yenyewe. Msimu ujao mahindi yapandwe mbali na miwa, kwa mbegu iliyothibitishwa, na eneo alilopanda sasa lipumzike kwa kunde au viazi vitamu, ambavyo virusi hivyo haviwezi kuishi ndani yake.